Mpangaji wa fremu halipi kodi na mkataba umekwisha: nianzie kwa wakili au Baraza la Kata?

Kijana wa Rangi Tatu
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa kisheria, hasa kutoka kwa mawakili na wenye nyumba waliowahi kupitia jambo kama hili. Nina nyumba Mbagala yenye fremu mbili zinazotazama barabara, na moja nimempangisha mama anayeuza samaki wa barafu. Tuliandikishana mkataba wa miezi sita kwa kodi ya shilingi 150,000 kwa mwezi, akalipa 900,000 kwa mkupuo, na mkataba ukaisha mwezi wa tano. Tangu hapo sijapokea hata senti, mkataba mpya hataki kusaini, na kila nikimfuata ananijibu kwamba yeye hadaiwi. Mkataba una kipengele kinachosema kwamba kodi ikichelewa siku 14 mwenye nyumba ana haki ya kuifunga fremu. Ninachotaka kujua ni kama nianze na barua ya wakili au niende moja kwa moja Baraza la Kata, na gharama inaweza kufika kiasi gani, kwa sababu nimesikia serikali inatoa msaada wa kisheria wa bure.

Mpangaji wa Kudumu
Mimi nimepanga kwa miaka 17 katika mitaa minne ya jiji hili, na sijawahi kuona mwenye nyumba anayekuja hapa kuuliza haki za mpangaji. Wa Tandika alinidai kodi ya mwaka mzima, na nilipohamia choo kikawa kimejaa. Nilipolalamika akaniambia kwamba choo hakimo kwenye mkataba. Kabla ya kumtafuta wakili, muulize huyo mama biashara inaendaje.

Mzee wa Baraza
Ndugu, nitajibu ulichouliza. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na limepewa siku 30. Hata hivyo huwezi kulikwepa, kwa kuwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri mpaka ulete uthibitisho kwamba usuluhishi wa kata ulishindikana, au siku hizo zimepita bila kusuluhishwa. Kwenye Baraza la Kata wakili haruhusiwi kukuwakilisha, hivyo fedha ya wakili itunze kwa ajili ya notisi ya maandishi na kwa hatua ya wilaya. Msaada wa bure unaousema upo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, lakini umekusudiwa mtu asiye na uwezo wa kumlipa wakili, na sijui utawaelezaje umaskini wako ukiwa na fremu mbili za barabarani.

Nina maswali matatu. Mkataba ulilipiwa ushuru wa stempu? Ulisaini kama nani? Fremu kwa sasa iko wazi au imefungwa?

Kijana wa Rangi Tatu
Ahsante sana, Mzee wangu. Stempu hatukulipia, bali tulisaini ofisi ya serikali ya mtaa na mwenyekiti akagonga mhuri. Nilisaini mimi mwenyewe.

Mzee wa Baraza
Mhuri wa mtaa ni ushahidi kwamba mlifika ofisini, basi. Ushuru wa stempu kwa mkataba wa pango ni asilimia moja ya kodi ya mwaka, kwa hiyo kwa kodi yako haufiki hata 20,000. Usipolipwa, mkataba unaweza kukataliwa kama kielelezo mpaka ulipe ushuru pamoja na adhabu yake. Hata hivyo sikuuliza kama ulisaini wewe, niliuliza ulisaini kama nani. Na swali la tatu umeliruka.

Dalali Mstaafu
Zamani hatukuwa na mabaraza haya yote. Mwaka fulani nilipewa kazi ya kumtoa fundi cherehani mmoja Temeke, nikaenda na vijana wawili tukaezua bati nne juu ya chumba chake. Fundi akatazama juu, akashukuru kwamba sasa anaona vizuri kutunga uzi kwenye sindano, akaendelea kushona. Mvua ilipokuja ikamlowanisha mwenye nyumba, kwa sababu dari lilikuwa moja. Nililipwa nusu.

Bibi Kanga Mbili
Dalali, unacheka na dhambi zako hadharani. Mwanangu mleta mada, mwanamke anayeuza samaki huamka saa tisa usiku kwenda Feri au kusubiri mzigo wa bara, na huenda ana watoto wanaosoma kwa fremu hiyo hiyo. Kaa naye chini, mpe maji ya kunywa, muulize kwa nini anasema hadaiwi. Mtu hasemi neno kama hilo bila sababu.

Mzee wa Baraza
Bibi ameuliza swali langu kwa lugha nzuri zaidi. Kijana, kwa nini anasema hadaiwi?

Kijana wa Rangi Tatu
Sikupenda kuingiza mambo ya familia hapa, lakini kwa kuwa mmesisitiza nitaeleza. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba, aliyefariki mwaka 2019, na mirathi hatujafungua kwa sababu tulikubaliana kwa mdomo kwamba mimi niliyebaki nyumbani niisimamie. Kaka yangu mkubwa yuko Mwanza, na ndiye anayempelekea mama huyo sato kwa basi. Nimekuja kugundua kwamba tangu mwezi wa tano wanakatana humo humo: mama anapunguza 150,000 kwenye hesabu ya mzigo, na kaka anaandika kwamba kodi imelipwa. Mimi ndiye niliyeziba ufa wa ukuta na kubadili shata, na risiti za saruji ninazo. Kuhusu kufuli, Jumamosi niliongeza la kwangu juu ya lake, na kipengele cha mkataba kinaniruhusu. Sioni kosa nililofanya.

Mpangaji wa Kudumu
Kumbe umekuja kuomba baraka, hukuja kuomba ushauri.

Mzee wa Baraza
Sasa tunaweza kuzungumza. Mkataba huo umekwisha, na kipengele chake kimekwenda nao. Na hata ungekuwa hai, mkataba hauwezi kukupa mamlaka ya kumtoa mtu kwa mkono wako, kwani kazi hiyo hufanywa kwa amri ya baraza au mahakama na kutekelezwa na dalali wa mahakama. Kubwa zaidi ni kwamba mali ya marehemu hudaiwa na kutetewa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Wewe si msimamizi, na kaka yako pia si msimamizi, kwa hiyo wakili wa huyo mama atasimama siku ya kwanza, aweke pingamizi kwamba huna mamlaka ya kushtaki, na shauri litaondolewa kabla hujasema neno kuhusu kodi. Pale Temeke kuna Kituo Jumuishi cha masuala ya familia, kilichoanza mwaka 2021, ambacho husikiliza mirathi. Anzia huko, ukiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichokupendekeza, na kaka yako awepo kwenye kikao hicho.

Kijana wa Rangi Tatu
Kaka hatakubali. Halafu mirathi itachukua miezi, na kodi nani anailipa wakati huo? Nikiondoa kufuli nitakuwa nimekubali kwamba ameshinda.

Kalamu Nyeusi
Samahani wakuu, nimesoma uzi huu mara mbili na siamini. Mkataba usio na stempu, kipengele batili, usuluhishi wa kata, mirathi isiyofunguliwa, mpokeaji wa kodi asiye na mamlaka, na kufuli juu yake: hilo ni swali la mtihani wa sheria ya ardhi, alama 20, na kinachokosekana ni maneno «mshauri mteja wako» tu. Angalieni pia alivyoanza kwa kusema «nina nyumba», kisha baba akafariki katika ujumbe wa tatu. Mzee wa Baraza, umemfanyia mtoto wa watu kazi yake ya nyumbani.

Dalali Mstaafu
Nami nilishangaa. Kodi inayolipwa kwa sato sijawahi kuiona katika miaka 30 ya udalali, ingawa niliwahi kulipwa kwa mbuzi.

Mpangaji wa Kudumu
Au ni wakili anatafuta wateja. Kesho utaona mtu anaweka namba ya simu.

Bibi Kanga Mbili
Kama ni hadithi, niambieni kitu kimoja. Friza ya samaki ikifungiwa tangu Jumamosi, na leo ni Jumatano, ndani kuna nini? Mleta mada, jibu hilo na utakuwa umemjibu Kalamu.

Kijana wa Rangi Tatu
Mimi si mwanafunzi. Bibi, umeme wa fremu ile unatoka kwenye mita yangu ya LUKU, na Jumamosi niliposhusha shata nilizima swichi yake pia, nikijua kwamba angekuja siku hiyo hiyo kuzungumza. Hakuja. Tangu juzi kuna maji yanapita chini ya shata, yana rangi kama ya maji ya kuoshea nyama, yameteremka ngazi mbili mpaka kwenye mtaro, na paka wa mtaa mzima wamelala pale. Mpangaji wa fremu ya pili, anayeshona sare za shule, amefungasha cherehani zake leo asubuhi. Ndani mlikuwa na mzigo wa kaka ulioshuka Ijumaa, magunia matatu.

Kalamu Nyeusi
Naondoa hoja yangu. Swali la mtihani haliwezi kuwa na paka.

Mzee wa Baraza
Kijana, ulikuwa unadai kodi ya miezi michache, na sasa wewe ndiye unayeweza kudaiwa: thamani ya samaki, faida iliyopotea, na friza kama imeharibika. Ondoa kufuli lako leo. Usiingie peke yako. Mwite mjumbe pamoja na mtu wa ofisi ya mtaa, pigeni picha kabla ya kugusa chochote, andikeni orodha ya vitu vilivyomo na wote msaini. Mpigie mama awepo. Kaka yako umpigie kabla hajasikia kwa mwingine.

Kijana wa Rangi Tatu
Nimekwenda na mjumbe saa kumi. Kufuli langu nimelitoa, lakini lake bado lipo na simu yangu hapokei. Baadaye ametuma ujumbe mmoja kwa mjumbe, kwamba ufunguo anao yeye, RB (namba ya taarifa aliyofungua polisi) anayo pia, na kwamba fremu haifunguliwi mpaka polisi waone.