Krosilinka ya maganda ya kamba: mchanganyiko unakatika kama maziwa, nakosea wapi?

KambaFeri:
Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa nne, uhandisi wa mafuta, Dar. Mradi wangu ni jeli ya kuziba maji kwenye mwamba wa mafuta. Wengi hufunga polima kwa kromiamu asetati. Mimi nataka krosilinka (kemikali ya kuunganisha minyororo ya polima) ya asili, nikachagua kaitosani, inayotokana na maganda ya kamba. Maganda nilipewa bure soko la samaki la Feri na mama anayemenya kamba. Alicheka, akauliza kama nafuga kuku. Nikayaosha kwa kostiki soda nyepesi kutoa mabaki ya nyama, nikatia asidi ya haidrokloriki mpaka mapovu yakaisha, kisha kostiki nzito ya asilimia 50 kwenye nyuzi 100. Unga uliotoka unayeyuka vizuri kwenye asidi ya siki ya asilimia 1. Hapo nilijiona nimemaliza.

Kumbe wapi. Nikiumimina tu kwenye polima, unakatika papo hapo kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Mabonge meupe chini, maji juu. Nimeweka ovena nyuzi 60 siku tatu, hamna kitu. Msimamizi anasema nirudi kwenye kromiamu.

MzeeWaMarmul:
Marahaba mwanangu. Mimi Mzanzibari wa Maskati, visima vya kusini mwa Omani nimevihangaikia miaka 20 na ushei. Polima yako ni ipi? Ile poliakrilamaidi ya kawaida ya visimani, iliyohaidrolaizwa, yaani sehemu yake imegeuzwa asidi?

KambaFeri:
Ndiyo mzee. Mfuko umeandikwa asilimia 30.

MzeeWaMarmul:
Basi mchawi ndiye huyo. Polima hiyo imejaa chaji hasi, na kaitosani ikiwa ndani ya siki ina chaji chanya. Zikikutana zinarukiana, zinajikunja na kutema maji. Hiyo si jeli. Tafuta poliakrilamaidi isiyo na chaji. Watu wa Halliburton, kampuni ya huduma za visima, walipochapisha kazi yao ya kaitosani mwaka 2003, polima yao ilikuwa ya aina nyingine, yenye esta.

Halafu moto. Jeli hufungika pale amini (vikundi vyenye nitrojeni) za kaitosani zinapoingia kwenye amaidi au esta (vikundi vya pembeni) ya polima, na kwa nyuzi 60 utasubiri sana. Panda hadi 90, chungulia kila siku, inamisha chupa uone jeli inateremka kiasi gani. Sydansk, mtafiti wa jeli hizi, alitupangia herufi A mpaka J: A bado ni majimaji, J ukigonga chupa inatetemeka mkononi. Mara ya kwanza kuipata J nilidhani simu yangu inaita.

Huko kuchelewa usikuone kasoro. Kisima kimoja, sikitaji, kromiamu ilituwahi: jeli iliganda ndani ya bomba kabla haijafika mwambani. Wiki nzima tunazibua tulichokiziba wenyewe.

Ila kwenye ripoti andika ukweli. Marmul, eneo la mafuta la huku kusini mwa Omani, mwamba wake si wa joto hivyo, kaitosani ingelala usingizi. Na mwamba wa chokaa utakula asidi yako. pH ikipita 6.5 hivi, kaitosani inaganda tena.

Kibaraza7:
Kromiamu ina ubaya gani? Inapatikana na inafanya kazi.

MzeeWaMarmul:
Inafanya kazi, wala sikatai. Kampuni ya mafuta ya Marathon waliianza miaka ya 1980 na mimi mwenyewe nimeipiga sana. Lakini maji yanarudi juu, ndugu yangu. Huku pipa moja la mafuta linaweza kuja na mapipa tisa ya maji, na Nimr, eneo jingine la mafuta, maji hayo husafishwa kwa kupitishwa kwenye mashamba ya matete, ndege wanatua humo. Sasa wewe utaanza kueleza metali yako ilikwenda wapi.

MamaMiwati:
Mimi si wa mafuta, ni wa gundi za mbao, Njombe. Mbona hamtaji tanini, ile kemikali ya magome ya miti? Magome ya miwati tunayo, na Afrika Kusini wanagundishia mbao tangu miaka ya 1970. Inaweza kushika nafasi ya fenoli kwenye jeli zenu. Ila itadai fomalini au heksamini (kemikali za kiwandani za kuifunga) pembeni, kwa hiyo uasilia wake ni nusu.

MzeeWaMarmul:
Umenena, bibie. Tahadhari moja tu: tanini ikigusa kutu ya bomba inageuka nyeusi. Utapata wino, pipa zima.

KambaFeri:
Nimepata nusu kilo ya polima isiyo na chaji kwa jamaa wa kusafisha maji. Safari hii haikukatika, imebaki angavu! Chupa nne zimeingia ovena saa 8 mchana, nyuzi 90. Mama wa Feri naye ameniwekea ndoo nyingine, bado anaamini nina kuku.

MzeeWaMarmul:
Saa iandike kwenye chupa yenyewe, si kwenye daftari. Na vifuniko vikaze, nyuzi 90 maji yanatoroka. Kesho saa 8 tuambie herufi gani.