Jimu inauza "mafunzo ya Olimpiki" halafu ni marufuku kudondosha chuma. Huu ni wizi!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Kuna jimu moja hapa Dar, jina nalihifadhi kwa sasa, imebandika bango mlangoni: MAFUNZO YA OLIMPIKI. Ada yao ni karibu mara mbili ya jimu za mtaani. Nikalipa miezi mitatu kwa mkupuo, maana nilishachoka kujifunza unyanyuaji vyuma wa Olimpiki, hasa snachi, kwa video. Naingia ndani nakutana na tangazo jingine, herufi nyekundu: MARUFUKU KUDONDOSHA CHUMA, FAINI 20,000. Jimu yenyewe iko ghorofani, sakafu ya vigae, pleti (zile sahani za uzito) zote chuma kitupu, na chini kuna duka la dawa ambalo mwenyewe akisikia kishindo anagonga dari kwa mpini wa fagio.

Sasa mtu anieleze. Snachi ni kukitoa chuma sakafuni mpaka juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, na unakidaka ukiwa umechuchumaa hadi chini kabisa. Ukikosea kinakwenda mbele yako au nyuma yako, na kazi yako ni kukiachia na kutoka njiani haraka. Ndiyo maana pleti za mchezo huu ni za mpira, na zile kubwa zina kipenyo cha sentimita 45, ili kikianguka kidunde bila kuua mtu wala sakafu. Kuachia ni ufundi, na mwanafunzi anatakiwa aujue kabla hajaongezewa kilo. Ukimkataza kuachia umemkataza kushuka chini. Hatathubutu. Atakidaka akiwa amesimama, atakimalizia kwa mikono, na hapo ndipo wote pale tulipogota: tunaongeza pleti, tunarudi palepale.

Nikamfuata mwalimu. Jibu lake: "Kaka, wewe jenga mabega kwanza." Mabega! Mchezo huu ni wa miguu na nyonga. Chuma kinaondoka sakafuni taratibu, mgongo umekaza, mabega yametangulia mbele ya chuma kidogo, mikono imenyooka. Kikifika mapajani juu ndipo unaisukuma sakafu kwa nguvu zote ulizonazo, na chuma muda wote kinapita karibu na mwili. Ukikunja viwiko mapema, ile nguvu ya miguu inaishia hapo. Yeye anapiga kelele "vuta na mikono! vuta!" Mshiko wa ndoano, yaani kidole gumba kikae ndani na vidole vingine vikikandamize, anasema unaumiza tu, achana nao.

Halafu programu yake sasa. Snachi 30 mfululizo, muziki juu, saa inahesabu. Wanaojua kazi hii wanapiga mbili au tatu, wanapumzika, wanarudia, kwa sababu mwili ukichoka unabuni njia yake ya kunyanyua na unaizoea. Ukitaka nguvu ya klini, yaani kukitoa chuma sakafuni hadi mabegani, piga skwati ya mbele, viwiko juu, chuma kimelala mabegani. Kuchuchumaa na kusimama na uzito mkubwa kuliko ule wa klini yako, hiyo ndiyo akiba. Kwenye ratiba yetu skwati ya mbele haimo kabisa. Benchi, ile ya kulala chali na kusukuma chuma juu, ipo mara mbili kwa wiki.

Chuma chenyewe ni kama nondo ya ujenzi: ncha zake hazizunguki, kwa hiyo ukigeuza viwiko kwenye klini viganja ndivyo vinavyobeba adhabu. Akina dada wanapewa hichohicho cha kilo 20, wakati wanawake wana chao cha kilo 15, chembamba, milimita 25 badala ya 28. Wanawake wako Olimpiki kwenye mchezo huu tangu Sydney 2000, jamani.

Najua watakuja wa "vifaa ghali". Mnyanyua vyuma Hidilyn Diaz wa Ufilipino alikwama Malaysia mwaka 2020 wakati wa korona, akafanya mazoezi kwa mwanzi na madumu ya maji. Mwaka uliofuata kule Tokyo akaipa nchi yake dhahabu ya kwanza ya Olimpiki. Sigombi na umaskini mimi. Wangenipa mpini wa jembe na mwalimu anayejua ningekaa kimya. Nagomba na bango.

Hata bingwa wa Olimpiki Lasha Talakhadze wa Georgia, aliyenyanyua kilo 225 kwa snachi na 267 kwa klini na jeki (kutoka mabegani hadi juu ya kichwa) kule Tashkent mwaka 2021, akipewa ishara anakishusha chuma mbele yake, kikishapita mabega anaruhusiwa kukiachia kianguke. Pale kwetu angelipa faini.

Kilichonifanya nifungue uzi ni kijana mmoja wiki hii. Klini ilimshinda, akakumbuka faini, akaking'ang'ania. Kiganja kimevimba hashiki hata kikombe. Meneja alipokuja, cha kwanza aliinama kukagua vigae.

Nimedai hela yangu, nimeambiwa ada hairudi, soma fomu. Wanasheria wa humu, bango lile si tangazo la uongo? Naweza kulipeleka Tume ya Ushindani? Na mwenye kujua sehemu ya chini yenye jukwaa la mbao na pleti za mpira aniambie, hata iwe Mbagala mwisho nitafika.

Wale wa "kwani lazima Olimpiki, si upige benchi tu", leo mpite kimyakimya.