Juu ya nini habari za vimbunga zinahesabu upepo, na maji njo inaua batu?

Mtoto wa Kadutu
Salamu ba ndugu. Majira ya vimbunga ya Marekani (Juni mpaka Novemba) nafwataka habari, kila siku ni kategoria 3, kategoria 4, mwandishi amesimama mu mvula anasukumwa. Lakini ile kategoria (1 mpaka 5) inapima mbio ya upepo tu, maji haimo! Kimbunga Katrina cha 2005 iliingia Louisiana iko kategoria 3, batu zaidi ya 1.300 bakakufa, kuta za kuzuia maji za New Orleans zilibomoka. Sasa mtu wa pwani akisikia "imeshuka mpaka 1" si atabaki kwake alale? Juu ya nini habaanzi na maji?

Mama Nyawera
Ni kweli mtoto wangu. Kimbunga Florence cha 2018 ilifika North Carolina na kategoria 1, ikatembea polepole sana mvula ikanyesha siku kwa siku, mito ikajaa mpaka mbali na bahari. Upepo uko na picha, mabati inaruka, miti inalala. Maji ikipanda usiku nani atapiga picha?

Fundi Ibanda
Yaya, siyo bote. Ku ile Florence, The Weather Channel, televisheni ya hali ya hewa ya Marekani, ilionyesha mtangazaji amesimama na maji ya kuchorwa na kompyuta inapanda karibu yake: futi 3 kiunoni, futi 6 imemzidi kichwa, halafu 9. Hapo hata mtoto anaelewa. Na tangu 2017 National Hurricane Center, kituo cha vimbunga cha Marekani, inatoa onyo la maji ya bahari peke yake, mbali na lile la upepo. Basi kazi ni ya batangazaji, onyo liko lakini banaliweka mwisho.

Mkaaji wa Kalehe
Miye nasikia uchungu juu huku kwetu Kalehe, Kivu ya Kusini mu Congo, hakukuwa hata kimbunga. Tarehe 4 Mei 2023, Nyamukubi siku ya soko, mvula ikanyesha mlimani, mito ikashuka na mawe na miti, kijiji cha Bushushu vilevile, batu zaidi ya 400 bakakufa. Habari ilijaa kisha, ya kuhesabu maiti. Mvula ikianza kule juu, redio itaje mto kwa jina, iseme ba kando ya mto bapande sasa, na mahali gani. Haihitaji kompyuta.

Mtoto wa Kadutu
Pole sana ndugu. Nani anajua redio yenye inapokea simu usiku, tuanze na ile?