Naomba ushauri: They Are Billions, niendelee na kampeni (misheni zinazofuata hadithi) au nibaki na hali ya kuokoka (survival, yaani kulinda koloni lisimezwe na mazombi)?

Wakuu habari zenu. Nimelipenda sana gemu la They Are Billions, lile la studio ya Numantian Games ya Hispania. Dunia imeshamezwa na mazombi, wewe unajenga koloni la zama za mvuke na kulilinda.

Shida yangu kwenye hali ya kuokoka ni wimbi la mwisho la mazombi. Mawimbi ya mwanzo nayamudu, lakini lile la mwisho linakuja pande zote kwa pamoja. Zombi mmoja tu akipenya na kuvamia nyumba, waliomo wote wanageuka mazombi, nao wanavamia nyumba ya jirani. Ndani ya dakika mbili kazi ya saa kadhaa imekwisha, na huwezi kurudi nyuma kwa sababu gemu halikuruhusu kuhifadhi pale unapotaka. Inauma jamani!

Kusafisha ramani natumia wapiga mishale, maana bunduki za askari zina kelele na kelele huwaita mazombi. Je, nipanue eneo mapema au nijenge kwanza kuta za tabaka mbili?

La pili ni kampeni, iliyokuja na toleo kamili Juni 2019. Wachezaji wengi waliisifu hali ya kuokoka, ila kampeni waliilalamikia, hasa misheni za kuongoza shujaa mmoja peke yake. Mimi nimecheza chache nikachoka. Aliyeimaliza aniambie, huko mbele inanoga?