Nyumba ya ghorofa ya juu kabisa Kariakoo, milioni 210: ninunue au nipite mbali?

Mama Mikoba (mleta mada)
Habari zenu wakuu. Nina fremu ya mikoba Kariakoo, huu mwaka wa tisa, na naishi Chanika. Natoka kwangu saa kumi alfajiri, narudi saa tatu usiku. Watoto nawakuta wamelala, naondoka bado wamelala.

Sasa dalali kaniletea nyumba kulekule Kariakoo, ghorofa ya nane, ya mwisho. Sebule na jiko ni ukumbi mmoja mpana usio na kuta, dari liko juu sana, na ndani kuna ngazi ya chuma inayopanda hadi chumba cha kulala chini ya paa, kama kichanja. Msimbazi yote unaiona dirishani, na jioni upepo wake utadhani uko Kigamboni. Bei milioni 210, "inazungumzika". Ninayo 160 baada ya kuuza kiwanja Bunju, mume wangu anasema iliyobaki tukope benki.

Nilipoomba hati, dalali kasema iko kwa mwenye jengo, mimi nitapewa mkataba wa mauziano na muhuri wa serikali ya mtaa, eti wote humo wamenunua hivyo. Ni kawaida kweli? Nawasilisha.

Kobe wa Gerezani
Dada, ni kawaida, na ndiyo ubaya wenyewe. Hapo kiwanja ni kimoja na hati ni moja. Tangu 2008 tuna sheria ya kumiliki sehemu ya jengo: kila nyumba inakuwa na hati yake, na wenye nyumba wote wanaunda chama cha kusimamia ngazi, lifti na paa. Muulize dalali kama jengo limesajiliwa kwa sheria hiyo. Akianza kukuna kichwa, umeshajibiwa. Na huko benki wataanza na swali hilohilo. Bila hati watashika nini?

Mtoto wa Narung'ombe
Mimi mzaliwa wa huko. Yetu ilikuwa nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ujia katikati, baraza mbele, bibi anauza vitumbua. Akaja mwekezaji na ubia: sisi tutoe kiwanja, yeye alete pesa, tugawane ghorofa. Leo wajomba zangu wawili hawasalimiani kwa ajili ya nyumba moja ya ghorofa ya nne, ambayo imeshauzwa mara mbili. Kama mwenye kiwanja alishafariki, usilipe kabla hujaiona kwa macho barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na ujue nani hasa ana haki ya kuuza.

Fundi Nondo
Mimi nauliza kibali cha ujenzi kinasema ghorofa ngapi. Jengo la Mtaa wa Indira Gandhi lililoanguka Machi 2013 na kuua watu zaidi ya 30 tunalikumbuka, na lile la Kariakoo lililoanguka tarehe 16 Novemba 2024, hata miaka mingi haijapita, tumeshalisahau. Hicho kichanja cha ngazi ya chuma sina hakika kama kimo kwenye michoro. Nenda saa nane mchana, siku umeme umekatika. Utalijua joto la chini ya paa, na utajua pampu isipofanya kazi maji yanapandaje hadi huko. Ukishuka, angalia kama chini hakuna mtu anayebomoa ukuta au kuchimba apate fremu nyingine.

Jogoo la Shamba
Mnamtisha mwenzenu, ninyi mnaishi Mbezi na magari yenu. Mimi sijawahi kuona Kariakoo ikishuka bei. Akisubiri karatasi zote zikamilike atanunua akiwa bibi.

Hesabu Tu
Jogoo, tupige hesabu. Tuseme inapangishwa milioni 1.2 kwa mwezi, ni 14.4 kwa mwaka. 210 gawa kwa 14.4, miaka kumi na minne na nusu ndipo pesa irudi, hapo hujagusa lifti wala riba. Dada, panga mwaka mmoja hukohuko, hiyo 160 iweke kwenye hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba.

Mama Mikoba
Mrejesho. Jumamosi nilienda na baba watoto, saa nane mchana kama Fundi alivyosema. Dalali alikuwa na haraka sana, mara simu, mara kuna mteja wa Dubai anangoja. Kuhusu usajili kasema "uko kwenye mchakato", tangu lini hakusema.

Tukiwa tunashuka, mzee mlinzi akaniuliza kama nimekipenda chumba cha juu. Nikamwambia ndiyo. Akacheka: "Zamani pale ndipo palipokuwa na matangi ya maji."

Mume wangu hakutia neno hadi tunafika kituo cha mwendokasi. Nimemuuliza dalali kama humo kuna ya kupanga. Ipo, ghorofa ya tatu, haina upepo wowote. Anataka kodi ya miezi sita na ya kwake ya mwezi mmoja.