Tupeane uzoefu: kuwatafuta wazazi wa damu wa ndugu aliyeasiliwa kupitia kumbukumbu za serikali

Ndugu wanajamvi, naanza na habari ya mama mkubwa, aliyelelewa Tanga na mwalimu mmoja na mkewe tangu akiwa na miezi 8, na ambaye uzeeni alitamani kumjua aliyemzaa. Tulipoteza karibu mwaka mzima tukiulizia cheti cha kuzaliwa kwa jina tulilomzoea nalo, tusijue kwamba mahakama inapotoa amri ya kuasili, mtoto huandikwa upya katika Daftari la Watoto Walioasiliwa, na maandishi ya awali kwenye daftari la vizazi huwekewa alama ya kuwa ameasiliwa. Kilichotufungulia njia ni karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya Biblia ya marehemu mlezi wake, nakala ya amri ya Mahakama Kuu, wino wake umepauka lakini namba ya shauri na mwaka vinasomeka. Kwa namba hiyo karani wa masjala alilipata jalada. Kumbukumbu zinazounganisha madaftari hayo mawili hazifunguliwi kwa kila aombaye, hivyo tuliomba ruhusa ya mahakama, na mama mkubwa mwenyewe ndiye aliyeapa na kutia saini hati ya kiapo. Naona ni haki kabisa, kwa sababu siri hiyo ilikuwa yake kabla ya kuwa yetu. Alipooneshwa jina la mama yake alilipapasa kwa kidole, akalitamka mara tatu.

Nani mwingine amepita njia hii?

*

Mpe pole na hongera mama mkubwa. Kwetu Bukoba hapakuwa na amri ya mahakama, kwani baba alichukuliwa na majirani mama yake alipofariki, na cheti alichokatiwa ukubwani kinamtaja mlezi kuwa ndiye mzazi. Daftari la ubatizo la parokia ndilo lililohifadhi majina ya wazazi, kijiji na msimamizi wake wa ubatizo. Binti wa msimamizi huyo yu hai. Nilimtanguliza mzee wa ukoo akabishe hodi, nikabaki nyumbani na nyaraka zangu, maana familia ile nayo ilistahili kuandaliwa.

*

Mimi naishi Leicester, na mume wangu aliasiliwa hapa Uingereza mwaka 1968. Sheria ya mwaka 1975 ilimpa aliyefikisha miaka 18 haki ya kuomba cheti chake cha awali cha kuzaliwa, ila walioasiliwa kabla ya tarehe 12 Novemba 1975 sharti waonane kwanza na mshauri. Sharti hilo lilimuudhi sana, lakini leo anamshukuru mshauri yule, kwa sababu ndiye aliyemweleza kuhusu rejesta ya mawasiliano iliyoanzishwa mwaka 1991, ambamo aliyeasiliwa na ndugu zake wa damu wanaweza kujiandikisha, kila upande kwa hiari yake. Mama yake mzazi hakuwa amejiandikisha. Mume wangu alijiandikisha mwaka 2019, na kila tunapohama nyumba jambo la kwanza analofanya ni kuwapelekea anwani mpya.