Kimelea cha malaria kinaingiaje kwenye chembe nyekundu bila kuipasua?

Msoma_Slaidi
Habari zenu. Huu ni mwaka wangu wa sita nikisoma slaidi za malaria, na kuna jambo halinitoki kichwani. Chembe nyeupe humeza vitu, hilo naelewa. Chembe nyekundu haimezi chochote, hata kiini haina. Sasa kimelea kinapitaje? Kingetoboa, chembe ingevuja. Mimi naikuta nzima, na kijipete, yaani kimelea kichanga chenye umbo la pete, kimetulia ndani.

Jicho_la_Hadubini
Hakitoboi, ndugu yangu. Kinausukuma utando ubonyee, kinazama nao, kisha unajifunga nyuma yake. Nimetazama video za tukio hili mara nyingi mno na bado nashika pumzi. Merozoiti, yaani kimelea katika hatua yake ya kuvamia chembe nyekundu, yenye mikromita 1 hadi 2 tu, inaigusa chembe kwa upande wowote, inageuka mpaka ncha yake iuelekee utando. Protini yake RH5 inashika basijini, protini ya chembe yenyewe.

Halafu linakuja lile ninalolistaajabia kuliko yote. Kwenye ncha ile kuna vifuko vilivyojaa protini. Vinamwaga, na mojawapo, RON2, inajipachika kwenye utando wa chembe. Protini nyingine, AMA1, imebaki kwenye mwili wa kimelea, nayo inaikamata RON2. Yaani mgeni amegongomea kishikio chake kwenye ukuta wa mwenye nyumba, kisha anajivuta kwa hicho hicho! Nguvu ya kujivuta ni yake pia, inatoka kwenye aktini na miosini zake. Haifiki dakika, kishaingia. Chembe hunywea na kuota miiba kwa dakika chache, kisha hurudia umbo lake.

Mwl_Baiolojia
Niongeze kuhusu vivax, mojawapo ya spishi za vimelea vya malaria. Yenyewe kwa kawaida hutegemea protini ya Duffy. Louis Miller na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1976. Wengi Afrika Magharibi hawana Duffy kwenye chembe zao nyekundu, ndiyo maana vivax ni adimu huko.

Msoma_Slaidi
Asanteni sana. Kwa hiyo kile kijipete kimevikwa utando wa chembe?

Jicho_la_Hadubini
Ndiyo, kimo ndani ya kifuko ambacho utando wake kwa sehemu kubwa umetoka kwenye chembe. Ila kwa hadubini yako huwezi kuuona. Rangi ya Giemsa unayopaka slaidi inakuonyesha kimelea chenyewe: duara la buluu na doa jekundu la kiini.